Mama Nesi na Mlango wa Majini

Kazi yangu ni kuwapokea wageni kwenye uwanja wa ndege wa Venisi, kule Italia, nikiwa nimekaa Mbinga mjini, nyuma ya steshenari ya Bi Hasna. Msicheke. Ni kazi ya kweli na imenilisha miaka miwili. Mgeni anaandika mtandaoni kwamba anatua siku fulani, saa fulani, analala hoteli fulani. Mimi namtafutia boti ya kumchukua yeye na watu wake tu, namwandikia nahodha, nawaandikia na hoteli wakae tayari. Mgeni akishafika ananitumia ujumbe wa asante, akidhani niko mtaa wa pili. Mji ule hauna barabara za magari, una mifereji. Gari likifika ukingoni limefika mwisho, huko ndani ni boti au miguu. Hoteli nyingi zina mlango unaofungukia majini kabisa.

Mimi mguu sijautia huko hata siku moja. Lakini kwetu Liuli, kando ya Ziwa Nyasa, ungemuuliza mtu yeyote angekwambia, "Nazari? Si yule anayeendesha maboti Ulaya!" Nami sikumsahihisha mtu. Ningewasahihisha vipi, wakati maneno hayo niliyatoa mwenyewe kwenye msiba wa shangazi, mbele ya umati?

Basi mwaka jana mwezi wa nne akanipigia simu Mama Nesi. Jina lake Tadea, lakini pale kijijini hakuna anayemwita hivyo. Alikuwa nesi hospitalini pale miaka thelathini na kitu, na nusu ya kijiji tumezaliwa mikononi mwake, mimi nikiwamo. Siku hizi hatembei. Alianguka bafuni, nyonga ikavunjika, haikuunga vizuri, sasa yuko kwenye kiti cha magurudumu. Binti yake wa pekee, Flavia, alikwenda Italia kusoma akiwa msichana wa miaka kumi na tisa, akabaki huko, na sasa alikuwa anaolewa. Mchumba ni Mwitaliano anayeitwa Vittorio, ambaye kijijini tulishamfanya Victor. Harusi ni hotelini, Venisi, na mama mzazi anatakiwa.

"Nazari mwanangu," akaniambia, "Flavia anasema atanitafutia mtu wa kunipokea. Nimemwambia aache. Nimemwambia mimi nina mtoto wangu anafanya kazi hiyo hiyo."

Jamani, nilivyovimba kichwa siku ile! Nikamwambia, "Mama Nesi, wewe panda ndege tu. Kutoka uwanjani mpaka mlango wa hoteli niachie mimi."

"Ngoja, sijamaliza. Miguu imenikataa, nimekubali. Ndugu zangu wakinibeba, sawa. Manesi wakinibeba, sawa, ni kazi yao, na mimi nimebeba wengi. Lakini huko atakuwepo mkwe na wazazi wake. Mkwe asinishike, Nazari. Unanielewa? Kiti changu kishuke kwenye boti, kiingie hotelini, na mimi nikiwa juu yake nimekaa kama mtu."

Nilimwelewa vizuri sana. Kwetu mama mkwe na mkwe mwanamume hawagusani. Hata kikombe cha maji hampi mkononi. Anakiweka chini, mwenzake anakiokota. Vijana wengine siku hizi wanapeana mikono na kucheka, lakini Mama Nesi ni mtu wa zamani, na kwake jambo hili halina mjadala. Mwanamume aliyemwoa binti yako akikushika kiunoni, tena hadharani, utauweka wapi uso wako?

"Hakuna atakayekugusa," nikamwambia. "Nimekuahidi."

"Basi nimekubali kwenda," akasema. Kumbe alikuwa bado hajakubali. Alikuwa anangoja neno langu.

Nikaingia kazini. Nikapata boti yenye ubao mpana wa kupandishia kiti. Nikafungua picha za hoteli. Mlango wa majini ulikuwa safi, una ngazi mbili tatu za mawe zinazoingia majini, na boti kwenye picha imelala sawa kabisa na sakafu ya gati, kiasi kwamba unaweza kusukuma kiti bila hata kukiinua. Nikapiga meza kwa furaha. Bi Hasna akaja kuona kuna nini.

Bi Hasna babu yake alikuwa mtu wa Kilwa, alikuja Mbinga na biashara ya nguo akabaki. Yeye mwenyewe likizo zote za utoto wake alipelekwa Kilwa kwa bibi. Akavaa miwani, akaitazama ile picha muda mrefu.

"Hapa maji yamejaa," akasema. "Huyo mama anafika saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi, kwa saa za kule."

"Uliza saa hiyo maji yatakuwa wapi."

Nikacheka. "Maji yatakuwa wapi, Bi Hasna? Si yatakuwa hapo hapo mferejini! Yaende wapi?"

"Nazari, hayo ni maji ya bahari. Yanajaa na kupwa. Kilwa asubuhi unanawa miguu kizingitini, mchana unatembea kwenye matope mpaka ziliko ngalawa. Na likija bamvua, maji makuu ya mwezi mpevu, ndio usiseme."

"Kilwa ni pwani wazi. Hapa ni mjini, maji yako kwenye mifereji, yamejengewa kuta."

"Kwani kuta zinazuia bahari isiondoke?"

Sasa hapo nikakasirika. Mimi nimezaliwa majini, baba yangu mvuvi, nimevuta nyavu kabla sijajua kuandika jina langu. Ziwa letu hupanda masika na kushuka kiangazi, taratibu, na maji uliyoyaacha asubuhi jioni unayakuta palepale. Maji ya kuondoka na kurudi kama mtu anayekwenda ofisini nilikuwa nimeyasoma shuleni, nikayajibu kwenye mtihani, nikayasahau. Na miaka miwili yote ile wageni wangu walikuwa watu wenye miguu mizima. Kama walipanda ngazi mbili au kumi, nani aliniambia?

"Bi Hasna," nikamwambia, "wewe uza karatasi zako."

Akavua miwani. "Haya baba," akasema, akarudi dukani.

Hilo lingekuwa kosa la mtu asiyejua, na mtu asiyejua husamehewa. Ngojeni sasa niwaambie lile lisilosameheka.

Siku moja kabla Mama Nesi hajafika, akiwa ameshapanda ndege Dar es Salaam, nahodha alinitumia ujumbe. Ni mtu mzima, ana boti yake mwenyewe, anaandika kwa adabu. Alisema hivi: kesho saa nne maji yatakuwa chini sana pale hotelini, sakafu ya gati itakuwa juu ya boti kama kimo cha mtoto, na ngazi zile zina utelezi. Kwa mgeni mwenye kiti haifai. Akanipa njia mbili. Ama mgeni apumzike uwanjani mpaka saa tisa alasiri maji yatakaporudi, ama amshushe kwenye gati jingine lenye mteremko, halafu kiti kisukumwe kama dakika kumi hadi mlango wa mbele wa hoteli.

Dakika kumi! Jamani, dakika kumi tu za kusukuma kiti!

Niliusoma ujumbe ule nikapandwa na hasira. Moyoni nikasema, huyu kapata mgeni mwingine wa saa nne, tajiri, sasa anatafuta njia ya kumsogeza mama yetu pembeni. Na tena alikuwa ananifundisha habari za maji, kama Bi Hasna vile. Sikuuliza. Sikumpigia Flavia. Nikamjibu, na maneno yenyewe ninayo mpaka leo kwenye simu: "Nahodha, mimi ni mtoto wa ziwani. Maji nayajua kabla sijakujua wewe. Usinifundishe. Saa ni ileile na mlango ni uleule."

Akajibu neno moja tu, la kukubali.

Kesho yake nilikaa kwenye kompyuta nimevaa shati jipya, sijui nilidhani nani ananiona. Saa nne za kule ikapita. Kimya. Kisha simu ikaanza kutetemeka, lakini ujumbe haukutoka kwa nahodha. Ulikuwa kwenye kundi la watu wa Liuli, lile tunalopeana taarifa za misiba na michango. Flavia alikuwa ameweka video, na chini yake mioyo myekundu mitatu.

Niliifungua.

Boti iko chini kabisa, kama imo ndani ya shimo. Juu yake ni ukuta wa mawe wenye ukungu wa kijani, unadondosha maji, na ngazi ambazo kwenye picha zilikuwa mbili tatu sasa ni saba au nane. Mama Nesi amekaa kwenye kiti chake, kitenge cha harusi, kilemba kizuri, mkoba mapajani. Anatazama juu. Huko juu wamejipanga wakwe zake wote, suti na kofia, na maua. Nahodha amefungua mikono, anasema maneno. Mara Victor anavua viatu. Anashuka zile ngazi anateleza, anafika kwenye boti, anainama, anapitisha mkono mmoja mgongoni na mmoja chini ya magoti, anamwinua mama mkwe wake kifuani. Kilemba kinaanguka majini. Wazungu wanapiga makofi. Sauti ya Flavia inasikika anacheka na kulia pamoja, kwa sababu yeye aliona mapenzi pale. Na Mama Nesi mkono mmoja umemshika mkwe shingoni asianguke, na kwa mkono wa pili amejifunika uso.

Niliitazama mara moja tu. Sijawahi kuirudia, na naiona kila siku.

Kundini watu waliifungua mmoja mmoja. Halafu mtu mmoja akaweka kicheko. Halafu Mama Beatha, jirani yake Mama Nesi na mwenzake wa kanisani, akaandika, "Haya jamani, mkwe na mama mkwe kifua kwa kifua. Tumeyaona." Baada ya hapo vicheko vilimiminika.

Bi Hasna alikuja akanikuta nimeinamia meza. Nikamwonyesha. Akaiona mpaka mwisho, akanirudishia simu. Nilikuwa nangoja aseme nilikwambia. Ningeshukuru angesema. Akaniuliza tu, "Umeshamwomba radhi?"

Sikuwa nimemwomba. Nilimwandikia Flavia kwamba kulitokea hitilafu ya maji. Hitilafu ya maji! Hata aibu yenyewe niliitafutia jina la ofisini. Flavia hakunijibu.

Mama Nesi alirudi baada ya wiki tatu. Mimi sikwenda kumpokea. Baba ndiye aliyenipa habari kwa simu. Alisema watu walikwenda kumsalimia na kumchokoza, na Mama Nesi akawajibu mwenyewe, macho makavu, kwamba alimwita mkwe kwa hiari yake. Safari ilikuwa ndefu, alikuwa amechoka, hakuwa na subira ya kungoja watafute njia nyingine, akasema mwanangu njoo unibebe. "Nimemwita mimi," aliwaambia. "Mnataka kunifunga?"

"Sasa watu wanasema Ulaya imemharibu," baba akasema. "Ametoka huko hana haya. Lakini wewe walikusifu, kwamba boti ilikuja kwa saa."

Niliposikia hivyo machozi yalinitoka. Nikasema, mama huyu amejipaka matope ili anikinge mimi. Amejua nina jina kijijini, amejua baba yangu anatembea kifua mbele kwa ajili yangu, ameamua kuubeba mzigo wangu. Sikulala vizuri wiki nzima. Jumamosi nikasema liwalo na liwe, nikateremka Liuli.

Nilimkuta uani, kwenye kiti chake, kivulini mwa nyumba. Kina mama watano wa kanisani walikuwa kwenye mkeka wanamenya mihogo, Mama Beatha akiwa katikati. Mdomo wake haukupumzika. Alikuwa anaiga mtu aliyebebwa, mkono shingoni, na wenzake wanacheka. Mama Nesi naye alikuwa akicheka.

"Endelea tu, Mama Beatha," alikuwa anamwambia. "Wewe una wivu. Mkwe wako hata baiskeli hajawahi kukupakia."

Wakaangua kicheko tena.

"Shikamoo, Mama Nesi," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Kaa." Akanionyesha kigoda karibu yake, mbali kidogo na mkeka.

Nikakaa. Nikaanza kwa sauti ya chini, kwamba nimekuja kwa ajili ya lile la hotelini, kwamba nahodha aliniambia…

"Najua," akasema, pia kwa sauti ya chini. "Nahodha alimwonyesha Flavia simu yake palepale gatini. Flavia akanisomea ulichomjibu."

Ardhi ingepasuka ningeingia. "Mama Nesi…"

"Nyamaza, Nazari. Nimeshawaambia watu nilichowaambia, na limekwisha. Wewe usiseme kitu. Kunywa chai, msalimie baba yako, rudi Mbinga."

Akaita chai iletwe. Kikombe nikakipokea. Laiti ningekunywa nikaondoka! Lakini Mama Beatha alikuwa ameniona.

"Eti Nazari," akaniita kwa nguvu, kisu mkononi. "Wewe ndiye mwenye maboti. Hebu tuambie ukweli. Kweli mwenzetu alijitakia mwenyewe kubebwa na mkwe?"

Wote wakageuka. Mama Nesi alinitazama akatikisa kichwa mara moja, kidogo sana. Niliona. Siwezi kusema sikuona.

Lakini mimi ndani yangu kulikuwa kunachemka. Nikaona huyu mama anachekwa kwa ajili yangu, nami nimekalia kigoda chake nakunywa chai yake. Nikasimama. Nikasema, "Hapana. Hakujitakia. Kosa ni langu." Nikatoa simu, nikawasomea ujumbe wote, wa nahodha na wangu, mpaka lile neno la usinifundishe. Nikawaambia kwamba Mama Nesi alinisihi mkwe asimguse na mimi nikaahidi. Nikawaambia hakumwita mtu, alibebwa tu kwa sababu hapakuwa na njia, na aliwadanganya ili kunisitiri mimi. Nilipomaliza nilikuwa nalia, na niwaambie kweli, nilijisikia mwepesi. Nilijisikia mwanamume.

Hakuna aliyecheka tena. Mama Beatha aliweka kisu chini.

"Pole, Mama Nesi," akasema. "Sisi hatukujua. Pole sana."

"Pole, mama," mwingine akasema. "Ndiyo mambo ya ulemavu hayo, mwenzetu. Utafanyaje." Wakaanza mmoja mmoja, pole, pole, kwa ile sauti tunayoingia nayo wodini.

Nikamgeukia Mama Nesi. Nilitegemea nini? Sijui, labda mkono kichwani. Uso wake ulikuwa umebadilika kabisa. Nimeshamwona na hasira, alikuwa akitugombeza tukiwa watoto. Hii haikuwa hasira ya namna hiyo.

"Nani kakwambia nilikuwa nakusitiri wewe?" akasema.

Nikarudi kukaa kigodani.

"Niliwaambia nimemwita ili niwe nimemwita. Wacha wanicheke. Mtu asiye na haya ni mtu, ana lake analolitaka, anajibizana na wenzake. Wiki mbili hizi Mama Beatha ananichokoza namchokoza, kama zamani nilipokuwa na miguu yangu. Sasa umewaambia niliinuliwa kama gunia, nami sikuwa na la kusema." Alivuta pumzi. "Nahodha alikwambia. Mimi nimekwambia hapa, kwa mdomo wangu, sasa hivi, nyamaza. Hivi wewe, Nazari, kuna mtu huwa unamsikiliza?"

Kina mama walikuwa wanakusanya mihogo yao kwenye beseni kimyakimya, na kila aliyepita mbele ya kiti aliinama kidogo akampa Mama Nesi pole yake. Naye akawaitikia wote, asante, asante, bila kumtazama hata mmoja. Mama Beatha alikuwa wa mwisho, akamrekebishia kanga magotini kama anavyofanyiwa mgonjwa.